Rumba ya Baba Kwenye Redio ya Gemu

Baba hakupenda gemu, ila aliipenda redio ya gari la ndani ya gemu. Akirudi kutoka kiwandani Nyakato alikaa nyuma yangu: "Endesha polepole, mwanangu, rumba haijaisha."

Alipofariki sikuiunganisha tena mashine ya gemu na intaneti. Nilikuwa nimesoma kwamba leseni ya wimbo ikiisha, gemu likisasishwa wimbo nao hufutwa. Niliogopa hata kugusa waya.

Juzi dada yangu akanunua bando la intaneti ili anifariji. "Nimekuapdetia gemu lako, mdogo wangu. Sasa ni jipya kabisa!"

Nilimwambia asante, nikamchukia moyoni. Rumba ile haimo tena redioni; ninayo kwenye simu, lakini baba hakuwahi kuisikilizia hapo. Sasa naendesha polepole, redio nimeizima.