Mwaka Mjukuu Wangu Alipokosa Kipaimara

Mwaka huo mahindi yalikauka yakiwa bado ya magotini, nasi wanawake wazee tukaenda ithembo, pale mahali petu pa kale pa kuombea mvua. Mimi nilienda na rozari yangu shingoni. Sista wa shule akasikia. Akamwambia mjukuu wangu hatapata Kipaimara mpaka aseme mbele ya darasa kwamba nyanya yake anaabudu mashetani.

Mtoto alirudi akilia. "Susu, si niseme tu? Ni maneno tu."

"Wewe umeniona nikiabudu shetani?"

"Hapana."

"Basi usiende kudanganya mbele ya msalaba wa darasani."

Hakuyasema maneno hayo. Askofu alipokuja, wenzake walienda mbele na nguo nyeupe. Yeye alikaa nami benchi ya nyuma, akaimba kuwashinda wote. Mimi nilishindwa kufungua mdomo.