Niliposema Watoto ni Wangu

Mnaniuliza kwa nini nilikwenda Palma wakati wa vita vya kuwaondoa Wareno, safari ambayo mwenye akili angeikwepa. Sababu ni shemeji yangu Saidi. Alizaliwa Mtwara, akaja kwetu Olumbi kumwoa dada yangu Zuhura, wakajaaliwa watoto watatu. Vita vilipopamba moto Wareno walimkamata, wakasema ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma na lazima arudishwe kwao. Tulikwenda Palma, kwa mkuu wao, kumwombea abaki.

Alfajiri tulitoka mimi, Zuhura na watoto. Barabara kuu ilikuwa ya malori ya jeshi na mabomu ya kutegwa, kwa hiyo tulifuata vijia vya mashambani. Kwenye kizuizi askari walimwaga hata kikapu chetu cha muhogo. Mtoto mdogo nilimbeba mabegani, naye akazila njugu zangu zote bila kuniuliza.

Jioni tulifikia Palma kwa Bi Mwanashehe, binamu wa marehemu mama, aliyekuwa akifua nguo za watu wa ofisi na kuyajua mengi ya huko. Alitueleza kwamba mkuu wa Kireno huweza kumwacha mgeni abaki, ikiwa akiondolewa wanawe watakosa mtu wa kuwatunza.

"Ukiulizwa, mwanangu, sema hawana mwingine," alinisihi.

Nilinyamaza. Kwetu watoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye watoto. Kusema hawana mtu, nami nimesimama palepale, niliona ni kujizika nikiwa hai.

Asubuhi tuliingia ofisini. Saidi alikuwa amekalishwa chini, shati limechanika begani. Zuhura alieleza vizuri jinsi mumewe anavyolima na kuwalisha watoto, hata mkuu akaweka kalamu chini akamsikiliza. Kisha akanigeukia, na mkalimani akauliza, "Baba yao akiondoka, watatunzwa na nani?"

"Na mimi," nikajibu, kifua mbele. "Hata sasa watoto hawa ni wangu. Mimi ndiye nitakayewapeleka jandoni, mimi ndiye nitakayewaoza."

Mkuu akaishika kalamu. Mkalimani akatuambia shauri limekwisha: watoto wana mwenyewe, dhiki hakuna, Saidi avuke mto. Ulimi huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Saidi hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Wakati wa kurudi Zuhura alitangulia mbele. Tulipokaribia Olumbi nilimwomba radhi.

"Hukusema uwongo, kaka," alisema bila kugeuka. "Lakini jana, kwa Bi Mwanashehe, ungesema kwamba huwezi."

Watoto sasa wako kwangu, kama nilivyojitapa. Mkubwa nimempeleka jandoni. Siku ya kutoka, watu wakila na kucheza ngoma, aliniuliza kama baba yake amepelekewa habari. Mtoto ana mjomba na ana baba, na mmoja hakai mahali pa mwenzake. Mkuu yule wa Kireno hakulijua hilo. Mimi nililijua.