Pampu ya Germana

Mimi sipendi mtu wa kuringa, na Germana nilimwona anaringa. Miaka sita ni jirani yangu hapa Ipagala, yeye na mama yake mzazi, ambaye Germana alimleta kutoka Kongwa, hawana ndugu mwingine, lakini msibani humwoni. Sisi kina mama tuna kikundi cha kuzikana na mwenyekiti ni mimi. Nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Shikamoo Mama Ruthu. Nisamehe, siwezi kuiacha pampu."

Pampu! Siku moja nikamfuata mpaka kazini kwake, maabara ya chuo, nikaione hiyo pampu. Akanionyesha mtungi wa chuma wenye kidirisha. "Humu ndani kuna utando wa kaboni," akasema, "unene wake atomi moja tu. Nikiuwekea umeme mkali, elektroni zinachomoka ukingoni. Sheria tulizosoma ziliandikwa kwa vyuma vinene. Utando huu hauzifuati, nami nataka kujua kwa nini." Hewa ikibaki mle, alisema, elektroni zinaigonga na ukingo wenyewe unaliwa. Basi pampu inyonye hewa wiki kwa wiki, na umeme ukikatika awepo wa kuwasha jenereta papo hapo. Huyo wa kuwepo alikuwa yeye peke yake. Aliongea haraka haraka, kama mtu ambaye hajaulizwa kitu siku nyingi. Mimi nikaona upuuzi mtupu, nikaaga.

Mwaka jana mwezi wa nane mume wangu Castory akafariki. Watu walijaa mpaka barabarani, Germana sikumwona. Siku ya pili nikapandwa na hasira, nikawaambia wanawake pale jikoni, tena kwa sauti: "Akija huyo wa pampu, mfukuzeni. Na siku akifiwa, asiende mtu. Azikane na mashine yake!"

Jumanne iliyopita mama yake akafa. Nikapiga simu kumkumbusha kila mmoja: hakuna kwenda. Mchana nikachungulia juu ya uzio. Turubai limefungwa, viti hamsini vimepangwa, chai iko kwenye chupa. Germana amekaa peke yake mkekani, anatazama njia. Mtu gani anaona hayo akarudi ndani? Mimi nilirudi. Saa tisa uzalendo ukanishinda, nikajifunga khanga nikaenda.

"Shikamoo Mama Ruthu. Karibu. Wewe ndiye wa kwanza."

"Marahaba. Pole, mwanangu." Kisha mdomo wangu huu, nao haujui kunyamaza: "Na pampu leo umemwachia nani?"

"Kazi ile iliisha, mama. Niliizima pampu siku ya pili ya msiba wa Baba Ruthu. Vipimo vya miezi saba vikaishia pale. Nikabeba unga wangu nikaja. Nilifika mlango wa jikoni, nikakusikia."

Hakusema kwa ubaya. Alinimiminia chai, akaniuliza kama naiweka sukari.

Jamani, hasira hasara. Nilitoa simu palepale nikampigia Evodia, nikampigia Yasinta, nikawapigia wote, naomba, nalia. Wakaja wanne. Wengine nilikuwa nimewakataza vizuri mno.