Nilimwambia Polisi Kwamba Mimi ni Mzungu

Kosa ni langu peke yangu, wala sitafuti wa kunisaidia kulibeba. Nimemdanganya polisi mchana kweupe, nikiwa nimevaa suti ya harusi!

Mniwie radhi nikicheka ninapoandika. Tangu Jumamosi nacheka na kuona haya kwa pamoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Bukavu, naishi Lozells, mtaa mmoja huku Uingereza. Kanisani kwetu yupo Baraka, dereva wa teksi, anayelalamika kwamba polisi huwasimamisha Waafrika kupita wengine. Kila mara nilimkata kauli: "Umesikia, au umehesabu?" Nikawa mstari wa mbele kudai iwepo sheria ya kuwataka polisi waandike asili ya kila dereva wanayemsimamisha. Tuachane na uvumi, tusome takwimu!

Basi Jumamosi nilikuwa nampeleka mjukuu wangu Neema kanisani kuolewa. Polisi akatusimamisha: taa ya breki haiwaki. Alikuwa na adabu zake. Mwishoni akaniuliza asili yangu, akieleza kwamba siku hizi wanaiandika, ila silazimiki kujibu.

Swali lile lile nililolipigania! Lakini kwetu Bukavu, mwenye sare akikuuliza kabila barabarani, jibu la kweli laweza kukuzika. Ulimi ukaitangulia akili.

"Mzungu," nikasema. "Mwingereza halisi."

Akanitazama. Nami nikamkazia macho kama nilivyowakazia wanafunzi watoro. Akaandika!

Kiti cha nyuma kikalipuka. "Babu! Mzungu wa Bukavu?" Neema alicheka hata wanja ukamtiririka, shela likamtoka kichwani.

Ukumbini, Neema akiwa ameshawasimulia wote, kina mama walinipokea kwa vigelegele: "Mzungu wetu kafika! Mpeni uma, ugali utamchoma vidole!" Nilicheza, nikacheka, mbavu zikaniuma.

Kisha Baraka akaniinamia sikioni. "Mwalimu, hizo takwimu zikitoka, tuziamini?"

Nikamwomba anielekeze kituo cha polisi.

Jumatatu nikaenda kituoni. "Nimekuja kukiri kwamba mimi ni Mwafrika," nikamwambia dada wa mapokezi.

"Nilikuwa nimeanza kushuku, mzee," akajibu, akiuma midomo asicheke. Akaahidi kuuliza kama jibu langu laweza kusahihishwa. Bado nasubiri.

Ndugu zangu, mkiulizwa, semeni kweli au nyamazeni. Baraka ana haki ya kuhesabiwa sawasawa, na hadi sasa Waafrika waliosimamishwa wamepungua mmoja. Aliyewapunguza si serikali!