Nyayo za Sungura wa Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla ya kugusa nguo ya mteja, jirani yangu fundi cherehani humpakata sungura wake na kumkagua nyayo kwa kidole gumba chenye alama tele za sindano. Sakafu ya waya ya kibanda ambacho shemeji wa fundi alimtengenezea sungura huyo imemchubua visigino mpaka nyama ikaonekana. Fundi huosha vidonda kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, hupaka dawa ya daktari wa mifugo, kisha hufunga kitambaa laini huku akimbembeleza: "Tulia, baba, tulia." Jumamosi shemeji alikuja, akacheka. "Shemeji, unajisumbua bure. Hicho si kitoweo tu?" Fundi hakuinua macho. "Na wewe ulipovunjika mguu, kuna aliyenoa kisu?" Akamweka sungura chini taratibu, akaongeza: "Daktari kasema waya ukibaki, haponi." Basi fundi akatwaa koleo, akaing'oa sakafu yote mbele ya aliyeitengeneza, akaweka ubao na kutandika nyasi kavu mpaka kiganja kikazama. Halafu akamwekea shemeji mikononi furushi la waya ule. "Kama njaa imekubana, anza na huu."