Ladu Aliyoiuma Mama

Samli ikiyeyuka kwenye karai pana haipigi hodi kwa mtu. Hupenya kwenye nyufa za mabati, ikazunguka uchochoro mzima na kumkuta kila mtu alipo. Hiyo ndiyo harufu iliyoijaza Mashimoni, Kibera, nikiwa na miaka tisa, na naapa pua yangu haikuwahi kukutana na kitu kama hicho. Sisi tulikuwa na harufu zetu tulizozizoea: makaa, sabuni ya kufulia, mtaro, omena wa kukaanga. Sasa kutoka chumba chetu kimoja ilitoka harufu ya unga wa dengu, ule wa kupikia bhajia, ukikaangwa polepole kwa samli, na iliki iliyotwangwa papo hapo. Watu walisimama njiani na jerikeni za maji mgongoni, wakinusa kama waliopotelewa na kitu. Mama Mutua, Mkamba wa Kitui aliyeuza maji kwenye kioski na ambaye ukuta wake ndio ulikuwa ukuta wetu, aliingiza kichwa mlangoni akauliza, "Kwani leo hapa kwa Mama Nekesa kuna harusi na sijaambiwa?"

Nekesa ni mimi. Mama yangu, Mbukusu wa Bungoma, alikuwa akifanya kazi Ngara kwa bibi mzee wa Kihindi aliyeitwa Ba, yaani mama kwa lugha yao, na sisi pia tulimwita hivyo ingawa hatukuwahi kumwona. Kwa miaka kumi na moja Mama alifua, akapiga pasi, akapangusa sakafu ya vyumba vinne kwa magoti, kwa sababu Ba alishikilia kwamba kitambaa chenye mpini hakiondoi uchafu bali kinautembeza. Jiko hakuligusa hata siku moja. Hata chai yake mwenyewe alimiminiwa na Ba kwenye kikombe chake cha bati kilichowekwa kando. Mambo ya jikoni mle yalikuwa ya Ba peke yake, na Mama alikuwa akisema tu, "Ukiwa na wenye chongo, fumba lako jicho," kisha akaendelea na kazi. Lakini magoti yalikuwa yamemchosha. Yalivimba hata kanisani alikuwa anasali ameketi, na kwa mwanamke kama yeye hiyo ilikuwa aibu iliyomuuma kuliko maumivu yenyewe.

Mwaka huo vidole vya Ba vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi, na sikukuu yao ya taa, Diwali, ilikuwa inakaribia. Kila mwaka alitengeneza mwenyewe ladu, yale madonge matamu ya unga wa dengu na samli. Za dukani alizidharau. Alisema zimepikwa na watu wanaoangalia saa. Sasa hakuweza tena kuviringisha hata moja. Basi akamwambia Mama, na Mama akatuletea habari hiyo nyumbani akiwa bado amesimama, hata kitambaa cha kichwa hajavua, kwamba mwaka huu ladu angezipika yeye, na zikitoka sawasawa angeacha sakafu na kushika jiko kabisa, mtu mwingine atafutwe wa kupangusa. Kushika jiko! Baba, aliyekuwa seremala na mtu asiyeshtuka kirahisi, aliweka kikombe chini. Mimi nilichoelewa ni kimoja tu: Mama hangepiga magoti tena isipokuwa mbele ya Mungu.

Ndipo, zikiwa zimebaki siku tano, bomba likapasuka chini ya jiko la Ba, na fundi akaichimbua sakafu yote ikawa shimo. Kwa majirani Ba hangeweza kwenda kuomba jiko, maana alikuwa amekosana na ghorofa nzima kwa sababu ya kamba za kuanikia nguo. Mama akamwambia tu, kwa adabu, nadhani bila kutarajia jibu, "Ba, kwangu kuna jiko." Yule mzee akakubali. Mama mwenyewe alituhadithia akiwa haamini masikio yake. Kesho yake alirudi na karai la shaba, sinia, mwiko mpya na masharti: siku tatu nyumbani kusipikwe nyama, samaki, mayai wala kitunguu, mpishi aoge kabla ya kuwasha moto, na jiko liwe la makaa, si la mafuta ya taa. Baba aliuliza nyumba hii ni ya nani, akaenda kula kwenye kibanda cha chakula barabarani siku zote tatu. Mama Mutua alipoona hatukaangi omena alidhani tumefunga kuombea jambo. Alipojua ukweli alijishika mdomo. "Wacha! Hizo ni za kutolewa kwa sanamu za Wahindi? Mimi hata harufu yake sitaki," alisema, akabaki palepale mlangoni akiivuta.

Nilikuwa msaidizi wa Mama tangu kopo la kwanza la unga hadi punje ya mwisho ya lozi, na ninachokumbuka zaidi ni mshangao. Sikujua kwamba duniani kuna watu wanaoweza kumimina samli nusu ya debe kwenye chakula kimoja. Sikujua kwamba unga unaweza kukorogwa karibu saa nzima bila kuacha hata kidogo, moto mdogo, mkono uleule, mpaka rangi igeuke kuwa ya kahawia changa na uanze kunukia kama njugu. Sukari iliyosagwa haitiwi unga ukiwa moto, itayeyuka iharibu kila kitu. Ukipoa kabisa nao haushikani tena. Kuna dakika chache tu katikati, na Mama alizijua kwa kugusa karai kwa mgongo wa mkono, jambo alilojifunza kwa kuchungulia miaka kumi na moja kutoka sakafuni. Alikuwa mkali kupita kiasi. Nilipoinua kidole chenye unga kukipeleka mdomoni alinichapa mkono kabla hakijafika. "Usilambe! Hata kidogo!" Nikadhani anaogopa nitazimaliza. Tuliviringisha ladu mia moja na kidogo, kila moja na kipande cha lozi juu, tukazipanga kwenye sinia kwa mduara, na nikatamani kulia kwa jinsi zilivyopendeza na nisivyoruhusiwa.

Jumamosi mchana Ba alikuja mwenyewe. Mpwa wake alimleta kwa gari hadi mahali gari lilipogoma kupita, kisha yule bibi mwembamba akainua sari yake kwa mkono mmoja, akaruka mtaro wetu, akaja kwa miguu, mpwa nyuma yake. Mashimoni yote ilisimama wima. Nilikuwa nimemwazia mtu mkubwa, wa kutisha. Kumbe alinizidi mimi kidogo tu kwa kimo. Alipofika alivua viatu. Mlangoni petu, kwenye udongo, alivua viatu kama mtu anayeingia mahali pa maana! Akaketi kwenye kiti chetu chenye mikono, akatazama mapazia, akatazama sinia. "Mama Nekesa," akasema, "nzuri sana. Hii kama mkono yangu." Sijawahi kuona uso wa Mama kama siku ile. Nilijua tumepata. Jiko lilikuwa letu, na magoti yalikuwa yamepona.

Mama akanawa mikono. Akachukua ladu ya juu kabisa, ile nzuri kuliko zote, akaiuma nusu. Alitafuna polepole akimtazama Ba machoni, akameza, akaweka nusu iliyobaki pembeni mwa sinia, akamnyooshea Ba sinia lote kwa mikono miwili.

Mpwa wa Ba alitoa sauti ndogo pale mlangoni. Mimi sikuelewa kilichotokea, ila niliona uso wa Ba umesawijika. Kumbe kwao ladu za sikukuu hutangulizwa mbele za Mungu, katika kile kijichumba chao cha sala, na kabla ya hapo hakuna mdomo unaoruhusiwa kuzigusa. Chakula kilichoumwa ni makombo, na makombo hapewi Mungu. "Wewe nafanya nini?" Ba aliuliza kwa sauti iliyokuwa karibu kukatika. "Mungu bado kula, wewe nakula?"

"Ni desturi yetu, Ba," Mama akasema. "Mgeni hapewi kitu ambacho mwenye nyumba hajakionja."

"Kwa nini?"

"Ajue hakina ubaya."

"Ubaya gani?" Ba akamkazia macho. Kisha likamwingia, na nikaona ameshtuka mara ya pili, vibaya kuliko ya kwanza. "Sumu? Miaka yote hii, mimi nafikiri wewe taweka sumu?"

Mama hakulishusha sinia. Nilitaka aombe msamaha. Nilimwomba kwa moyo wangu wote aseme pole, Ba, nimesahau, nitapika nyingine. Hakusema. Ndipo Ba akanyoosha vile vidole vyake vilivyopinda, akaipita safu yote ya ladu nzima, akachukua ile nusu yenye alama za meno ya Mama, akaitia mdomoni. Mpwa wake alimwita kwa lugha yao, kwa ukali. Hakumsikiliza. Aliila yote, akapangusa midomo kwa ncha ya sari.

"Mimi nakula," akasema. "Mungu hapana."

Akainuka, akavaa viatu, akaondoka, sinia akaliacha. Baadaye tulisikia kwamba mwaka huo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimtangulizia Mungu ladu za dukani. Sisi tulibaki tumezungukwa na ladu mia moja. Baba aliporudi alikula saba bila kuuliza lolote. Mama Mutua alifika, akauliza kwa uangalifu kama kweli hazikutolewa kwa sanamu, akahakikishiwa kwamba Mungu wa Wahindi amezikataa. "Basi leta hapa," akasema, akajaza sahani. Uchochoro mzima ulikula utamu siku mbili. Nami nilikula mpaka nikaumwa na tumbo, huku nikiwa na hasira na Mama ambayo sikujua mahali pa kuiweka. Baada ya sikukuu Ba aliajiri mpishi, mwanamume mpole kutoka Machakos, na Mama akarudi kwenye sakafu. Alipangusa ile nyumba kwa magoti miaka saba mingine, hadi Ba alipohamia ng'ambo kwa wanawe. Hakuna aliyewahi kulitaja jambo lile tena.

Siku hizi ninaishi Kawangware, upande unaopakana na Riruta, na ladu ndizo zinazonilisha. Ninapika kwa jiko la gesi la meko sita, kwa kipimo kilekile cha Mama, na msimu wa Diwali ukifika simu hailali. Wananunua Wahindi, wananunua Waluhya, wananunua wanaofanya sherehe za watoto. Nafunga kwenye visanduku vyenye karatasi ya nailoni, nabandika kibandiko cha tarehe ya kuharibika, na mteja husoma kibandiko kabla hajanisalimia. Ndivyo tunavyoaminiana sasa, na sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe sili cha jirani mpaka nione kimefungwa. Anayetaka zisizo na samli nampa, anayetaka zionekane zimetoka kwa mpishi wa Kihindi namwachia aamini hivyo, nikipokea simu kwa jina la biashara. Na kila mteja mpya akiuliza nimejifunza wapi, nilikuwa na hadithi yangu tayari. Niliwahadithia Mama na Ba, na mpwa aliyeguna mlangoni, na nilijua hasa mahali pa kunyamaza kidogo kabla ya ile ladu kuumwa. "Maskini mama yangu," nilimalizia. "Hakujua! Si mnajua, usilolijua ni kama usiku wa giza." Wakacheka, nami nikacheka nao. Hadithi hiyo imeniuzia ladu nyingi.

Mwaka jana nilimhadithia mama mmoja kibarazani, Mama yangu akiwa ameketi nyuma yetu akimenya njegere. Anaishi nami sasa. Nilidhani hasikii vizuri. Yule mteja alipokwenda zake bado anacheka, Mama akasema bila kuinua macho, "Nilijua."

Nikamuuliza alijua nini.

"Miaka kumi na moja nimewatazama wakitoa chakula kwa Mungu wao, Nekesa. Ningekosaje kujua?"

Nikamwambia, karibu kwa kupiga kelele, kwamba basi alilitupa jiko kwa mikono yake mwenyewe. Kwamba angengoja tu dakika tano, Ba aondoke na sinia lake, na maisha yake yangekuwa mengine.

"Nililitaka lile jiko," akasema. "Usifikiri sikulitaka. Lakini kwake nilifuata ya kwake, kila siku, hata kikombe changu kikiwekwa kando. Siku ile alikuwa amevua viatu kwangu. Alikuwa mgeni wangu, na mgeni wangu hali kitu sijakionja." Akanipa bakuli nimsaidie kumenya. "Na yeye alielewa. Si alikula?"

Nilipokea bakuli. Nilikaa pale bila kumenya hata moja, nikiwakumbuka, mmoja baada ya mwingine, watu wote niliowafanya wamcheke mama yangu.