Muosha gundi wa Shanwe anayemngoja mama aliyebaki Burundi

Asubuhi hii Épiphanie Ntahombaye ameinamia pipa la plastiki katika ua mmoja wa Shanwe, mjini Mpanda. Anakoroga kwa mti mrefu kitu kinachofanana na ugali uliomeguka. Amejifunga kitambaa puani, lakini harufu ya spiriti inapenya. Mara kwa mara anageuza uso pembeni, anavuta pumzi, kisha anarudi kwenye pipa.

Hapa hapawashwi moto. Hata chai hunywewa upande wa pili wa barabara, maana cheche moja ingeteketeza ua mzima.

Kilichomo ndani ya pipa awali kilikuwa pamba. Mwenye karakana, Aloyce Manyanda, ambaye wazazi wake walihamia Mpanda na ng'ombe wao kutoka Usukumani, hununua nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba. Huzipika kwa magadi makali ya dukani na dawa nyingine mpaka zinageuka gundi. Mafundi rangi huichanganya na chokaa ili ukuta usichafue nguo za watu.

"Ila ikitoka kupikwa inakuwa chafu," anasema Épiphanie. "Ina chumvi, ina magadi. Ukiiuza hivyo inamla fundi mikono. Mimi kazi yangu ni kuitenganisha na huo uchafu."

Anatia siki ili kupunguza ukali wa magadi. Anachuja kwa shuka, anakamua kwa mbao mbili zinazobanwa kwa parafujo, kisha anamimina spiriti nyingine na kuanza upya. Akitaka kujua kama imetakata, huchukua kidogo ya kile kilichochujika na kukidondoshea dawa kutoka kwenye kichupa cheusi. Kikigeuka cheupe, chumvi bado imo.

Maji matupu hayatumiki. Gundi hiyo ikikutana na maji huyeyuka yote.

Harufu ya spiriti humfuata hadi kanisani. "Wenzangu wa kwaya walidhani nakunywa," anasema akitabasamu. "Mmoja aliniombea kabisa, mbele za watu. Nami nikaitikia amina."

Épiphanie alizaliwa Burundi, kwenye vilima vinavyotazama Ziwa Tanganyika. Mwaka 1972, mauaji yalipofika kijijini kwao, alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike na hakuweza kutembea. Baba yake, Evarist, alitaka kubaki. Mama akakataa.

"Alimwambia baba, mpeleke huyu mkubwa, mimi nitawafuata nikipata nguvu," anakumbuka. "Nilimshika kitenge. Baba akanivuta. Basi."

Mama hakufuata. Baba na binti walipokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, wakafyeka pori, wakalima mahindi. Evarist alifariki huko. Épiphanie akaolewa, akamzaa Odeta, akawa mjane, kisha akapata kibali cha kuja mjini kufanya kazi kwa Manyanda.

Katikati ya mwaka 1993 habari njema zilienea Katumba. Burundi kumetulia, watu wanarudi. Épiphanie akauza mbuzi wake, akamwacha Odeta kwa shangazi yake, dada wa marehemu mumewe, akaaga kazini.

Manyanda anaikumbuka siku hiyo. "Nilimwambia, mama Odeta, nenda kamwone mama yako. Lakini moyoni niliumia. Niliyemweka badala yake aliosha pipa zima kwa maji. Tukabaki na ute mtupu, kama bamia."

Épiphanie aliugua njiani, akakaa wiki kadhaa kwa wenyeji. Alipofika Kigoma ilikuwa Oktoba, na vita vilikuwa vimelipuka upya. Watu walikuwa wakimiminika kutoka kule alikokuwa akienda, wamebeba watoto na magodoro.

"Nilisimama barabarani natazama nyuso za wanawake wazee," anasema. "Kila mmoja nilidhani ni yeye. Halafu nikajiuliza, hivi nikimwona nitamjua?"

Alirudi Shanwe. Lakini tangu siku hiyo hakuacha kuwaomba wachuuzi wa dagaa wanaokwenda Karema, ziwani, walitaje jina la baba yake kwa kila mtu anayeshuka kwenye boti kutoka Burundi.

Mwaka jana, miaka minne baada ya safari ile ya Kigoma, mmoja wao, Romana, alisimama kwenye lango la karakana. "Nyie, huyo Evarist wenu, kuna dada kule Karema anamuulizia," alisema.

Épiphanie alipanda lori siku ileile, mikono ikinuka spiriti. Ufukweni alimkuta mwanamke kijana amekaa juu ya kifurushi. Alikuwa Providence, mdogo wake, yule mtoto mchanga wa mwaka 1972.

"Hakujua Kiswahili, na Kirundi changu kimechakaa," anasema Épiphanie. "Aliniambia, mama amenituma nikuulize kitu. Anauliza kama bado unaogopa radi."

Anaacha kukoroga. Anafuta macho kwa kiwiko, kwa sababu viganja vina dawa.

"Hapo ndipo nilipojua kweli ametoka kwa mama. Nilicheka, kisha nikaketi naye juu ya kifurushi kile."

Providence alimweleza kwamba mama aliachwa kilimani kwa jirani, akiwa hai, miguu imevimba, hawezi kuteremka hadi ziwani. Tangu hapo hakuna habari nyingine. Sasa dada hao wawili wanaishi chumba kimoja, na Providence husaidia kuanika gundi kivulini na kuichekecha.

Manyanda amekubali kumpa Épiphanie ruhusa kiangazi hiki. Atakwenda Karema kumtafuta mwenye boti atakayekubali kumpeleka hadi Burundi. Providence amemsihi asiende. Njia ni mbaya, anasema, na wanaume wenye bunduki hawaulizi mtu anamtafuta nani.

"Ameniuliza, dada, ukimkuta amekufa? Nikamwambia nitaliona kaburi," anasema Épiphanie.

Na akimkuta hai?

Anaushika tena mti na kukoroga taratibu.

"Nimekaa miaka yote hii na maswali ya kumuuliza," anasema. "Sasa naona sitamuuliza hata moja. Nitamkanda miguu, basi. Akitaka kuongea, ataongea mwenyewe."